Barua ya wazi kwa Mkuu wa Shule na Bodi: mashine imshikie mwalimu taa, isikalie kiti chake

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Shule,
Kwako Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi pamoja na wajumbe wote,

YAH: MATUMIZI YA AKILI MNEMBA (AI) KATIKA KUFUNDISHA NA KUSAHIHISHA

Nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni mwalimu wa lugha hapa shuleni, huu ni mwaka wangu wa 14. Kabla ya kuandika hapa hadharani nimeshaandika ndani mara 3. Barua ya kwanza niliipeleka ofisini kwa mkono wangu, nikaambiwa imepokelewa na inafanyiwa kazi. Ya pili nikaituma kwa barua pepe, nikajibiwa mstari mmoja kwamba suala liko kwenye ajenda za kikao kijacho, kikao kikaja kikapita na ajenda haikusomwa. Ya tatu kimya mpaka leo. Ndio maana naandika mahali ambapo wazazi nao watasoma. Naomba mnielewe mapema, sijaja kumvunjia mtu heshima, nyie ni wakubwa zangu na baadhi yenu ndio mlionifundisha hii kazi, ila kuna watoto wanaumia sa hivi na mimi nikiendelea kukaa nasubiri kikao nakuwa nimeshiriki.

Alafu tuwekane sawa kwenye jambo moja, siipingi AI. Toka ChatGPT, ile programu ya AI unayoiandikia swali ikakujibu, ilipotoka Novemba 2022 nimeijaribu kila namna na kuna kazi naifanyisha karibu kila wiki. Nikiwa na kifungu cha ufahamu naiambia inipangie kwa viwango 3, anayesoma kwa shida apate sentensi fupi, mwenye kasi apate zenye uzito, wakija kwenye mjadala wote wanazungumzia kitu kilekile na hakuna anayejiona mjinga. Kazi hiyo kwa mkono ilikuwa inanimalizia jioni nzima, kwa iyo kiukweli nilikuwa siifanyi. Kingine, naiambia iandike aya yenye makosa ya hoja, darasa linagawanyika makundi linayatafuta, wanabishana mpaka kengele inagonga hawajamaliza. Au naigeuza mpinzani, mtoto anatetea hoja yake, mashine inampinga, yeye anajibu kwenye daftari na kesho yake tunasoma wote kwa sauti. Hapo mtoto ndiye anayefikiri, na mimi nipo pale namuona usoni kama ameelewa au ananikubalia tu.

Sasa mliyotuletea nyie muhula huu ni kitu kingine kabisa. Mmeichukua mashine mkaiweka katikati yetu na watoto. Inawasoma kabla yetu, inawahukumu kabla yetu, inawajibu badala yetu, na mwalimu amebaki kusaini. Nitaeleza moja baada ya jingine, mengine marefu mengine mafupi, mnivumilie.

1. Kitambuzi cha AI kinachowahukumu watoto

Kila insha sa hivi inapitishwa kwenye programu ya kunasa AI kabla mwalimu hajaiona. Ikitoa nyekundu mtoto anapata sifuri na mzazi anapigiwa simu. Kijana mmoja wa darasa langu yalimkuta. Ni mtoto asiye na maneno mengi, anaandika sentensi fupi fupi safi, kwasababu mimi mwenyewe nimemfundisha hivo miaka 2, nimekuwa nikimkatia maneno ya ziada kwa kalamu mpaka akazoea. Rasimu zake 2 ninazo, za mkono, zimefutwa futwa, pembeni amechora mishale ya kuhamisha sentensi. Nilizileta ofisini nikaambiwa mfumo umeshatoa majibu. Baba yake akaja, akamuuliza mbele yetu, umeandika mwenyewe? Mtoto akasema ndio. Baba akatugeukia sisi kama anasubiri mmoja wetu amthibitishie, na hakuna aliyefungua mdomo, mimi nikiwemo, kwasababu tulishakatazwa kujadili maamuzi ya mfumo mbele ya mzazi. Kule kunyamaza kunaniuma mpaka leo. Toka siku ile yule kijana anaandika nusu ukurasa basi, na nilipomvuta pembeni kumuuliza akanambia, "Mwalimu, nikiandika vizuri watasema sio mimi."

Naomba mjiulize hicho kitambuzi kinajuaje. Hakina ushahidi wowote kwamba mtoto alifungua ChatGPT, hakimuoni mtoto, hakijui rasimu zake. Kinaangalia maneno yanavyofuatana, yakiwa ya kawaida na neno linalofuata linabashirika kirahisi basi kinasema hii ni ya mashine. Na nani huwa anaandika maneno ya kawaida yanayobashirika? Anayejifunza. Anayeandika kwa lugha ambayo sio ya kwake ya kwanza. Aliyefundishwa kuandika kwa urahisi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilipima hili mwaka 2023, walichukua insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zimeandikwa na watu wenye lugha zao nyingine wanaojifunza Kiingereza, wakazipitisha kwenye vitambuzi 7. Kwa wastani zaidi ya 60% ya zile insha zilisingiziwa kuwa za mashine, wakati za watoto wa Kimarekani wa darasa la 8 karibu zote zikapita salama.

OpenAI wenyewe, hao waliotengeneza ChatGPT, Januari 2023 walitoa programu ya aina hiyo na wakakiri wazi kwamba inanasa 26% tu ya maandishi ya mashine na inasingizia 9% ya maandishi ya watu. Julai mwaka huohuo wakaiondoa, wakasema usahihi wake ni mdogo. Yani fundi kashindwa kutambua kazi ya mkono wake mwenyewe, sisi tumepata wapi huo uhakika wa kumpa mtoto sifuri? Na hiyo 9% msiione ndogo, chukueni darasa la watoto 50 ambao wote wameandika kwa uaminifu, kwa kiwango hicho 4 au 5 wataitwa wezi, na kesho yake insha nyingine, wengine 4 au 5. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani kilipewa kitambuzi ndani ya mfumo waliokuwa wanautumia tayari, Agosti 2023 wakaamua kukizima. Hawakufunga chuo.

2. Watoto wanaandikia ukuta

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu, hata kama nimeliweka la pili.

Binti mmoja aliandika insha kuhusu usiku aliokaa macho na mdogo wake mgonjwa, watu wazima hawapo, anahesabu pumzi za mtoto mpaka asubuhi. Ile insha ina sentensi moja sitaiandika hapa kwasababu ni ya kwake, ila mtu yeyote mwenye moyo akiisoma atasimama kwanza. Mashine ilimjibu hivi: kazi nzuri, masimulizi yana mtiririko, jaribu kuongeza viunganishi na tamathali za semi. Siku ya kurudisha kazi akaja mezani kwangu na karatasi yake akaniuliza swali moja tu, mwalimu umeisoma?

Sikuwa nimeisoma. Utaratibu wenu unasema mashine isahihishe, mwalimu aangalie orodha ya alama na kusaini, na siku ile nilikuwa nimesaini orodha nzima. Nikamwambia ukweli, sijaisoma, nipe nikasome leo. Nikaisoma usiku, kesho yake tukakaa kwenye ngazi za nje tukaongea karibu saa nzima, na ndio shule ikajua kwamba huyu mtoto nyumbani analea. Sasa niambieni, hiyo mistari miwili ya mashine ingetufikisha pale?

Wakubwa zangu, kusahihisha sio kutoa alama tu. Pale ndipo mwalimu anapomjua mtoto, ndipo naona kwamba huyu ameelewa vizuri ila hana msamiati, huyu ana maneno mengi anaficha kwamba hajasoma, huyu mwezi uliopita alikuwa anaandika kwa furaha sasa kuna kitu kimemkuta. Mtu anayefundisha bila kusoma kazi za wanafunzi wake anafundisha watu asiowajua. Na mtoto naye anajua. Mtoto akishajua kwamba hakuna mtu upande wa pili wa karatasi, ataandika cha nini? Si bora naye ampe mashine imwandikie, mashine iisahihishe, sisi sote tukae pembeni tunaangalia mashine mbili zinaandikiana barua.

Alafu suala la nani anawajibika. Mwaka 2020 Uingereza mitihani ilifutwa kwa ajili ya korona, wakatumia kanuni ya kompyuta kupanga alama za kidato cha mwisho. Ile haikuwa AI ya kuandika kama hizi za sasa, ilikuwa hesabu za takwimu, lakini somo ni lilelile. Kwa England karibu 40% ya alama walizopendekeza walimu zilishushwa, kanuni ikawa inaangalia na historia ya shule badala ya mtoto aliyeko mbele yao, watoto wakaingia barabarani, na tarehe 17 Agosti serikali ikarudi nyuma ikakubali alama za walimu. Na sheria ya AI ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 imeiweka mifumo inayotathmini matokeo ya wanafunzi kwenye kundi la hatari kubwa, yani inatakiwa isimamiwe na binadamu kwelikweli. Kusaini orodha sio kusimamia.

3. Programu ya mazoezi inayotoa majibu

Programu mliyowapa watoto ya kufanyia kazi za nyumbani, nimeifungua nikajifanya mwanafunzi. Nimeandika swali, imenipa jibu zima na hatua zote. Hainiulizi nimejaribu nini, hainiambii anza wewe. Walimu wenzangu wa hesabu wanasema daftari za nyumbani sa hivi zinapendeza hazina kosa hata moja, ila ubaoni mtoto anashika chaki anatetemeka.

Hili limeshapimwa. Watafiti walienda kwenye sekondari moja huko Uturuki, wanafunzi karibu 1,000, somo la hesabu. Kundi la kwanza walipewa GPT-4, yani mashine ya ChatGPT, ya kawaida inayojibu chochote, la pili wakapewa ileile GPT-4 lakini imewekewa mipaka, inatoa dokezo badala ya jibu na walimu wameiwekea maelekezo ya makosa ambayo watoto huwa wanafanya, la tatu hawakupewa kitu. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza wakapanda 48%, la pili 127%, kila mtu anashangilia. Siku ya mtihani bila mashine, wale wa kwanza wakafanya vibaya kwa 17% kuliko watoto ambao hawakuwahi kuigusa kabisa. Wale waliowekewa mipaka lile anguko halikuwapata. Mashine ni ileile jamani, tofauti ni kwamba kwenye moja mwalimu aliingiza mkono wake na kwenye nyingine hakuingiza.

Na sio kwamba matokeo yote ni mabaya, nisije nikaonekana nachagua. Harvard kwenye somo la fizikia walitengeneza mwalimu wa AI kwa uangalifu sana, anakwenda hatua kwa hatua, walimu wenyewe ndio walioandika maelekezo na suluhisho za kumwongoza, na wanafunzi walijifunza zaidi kwa muda mfupi kuliko kwenye kipindi cha darasani. Nilifurahi kusoma hilo. Ila utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Stanford wa mwaka 2024, walimu wa tuisheni wa mtandaoni 900 na watoto 1,800. Kule AI haikuzungumza na mtoto kabisa. Ilikuwa inamnong'oneza mwalimu, mtoto amekosea hapa, jaribu kumuuliza hivi, na mwalimu anaamua atumie au aache. Watoto waliofaulu mada zao wakaongezeka kwa pointi 4 za asilimia, na wale waliokuwa na walimu dhaifu wakapanda kwa pointi 9. Hiyo ndio taa ninayosema, mwalimu mgeni anashikiwa taa na anabaki yeye ndiye anayeongea na mtoto.

4. Muda tuliookoa umekwenda wapi

Mlituahidi AI itatupunguzia mzigo. Imepunguza kweli, andalio la somo lililokuwa linachukua saa 2 sasa dakika 20 nimemaliza, maswali ya jaribio nayo hivohivo. Nikawaza sasa nitapata nafasi ya kukaa na wale watoto 6 wanaosoma kwa kusilabi. Wiki ya tatu mikondo miwili ikaunganishwa ikawa mmoja, mwalimu mwenzetu wa mkataba hakuongezewa, tukaambiwa mfumo unasahihisha kwa iyo mtaweza. Kwa iyo kila dakika niliyookoa mmeichukua, na wale watoto 6 bado wanasilabi.

Hapa ndipo naona kila kitu kingine kinapoanzia. Ule muda ulikuwa wa nani? Mimi nasema ulikuwa wa mtoto. Ukimpunguzia mwalimu makaratasi ili akae na mtoto umefanya jambo kubwa sana, ukimpunguzia makaratasi ili umwongezee watoto 30 wengine hujafanya elimu, umefanya hesabu za matumizi, na ni haki ya bodi kufanya hesabu ila isiitwe mageuzi ya elimu.

Na mafunzo? Tulipata semina moja ya mchana, projekta, mtu wa mauzo akatuonyesha vitufe. UNESCO mwaka 2024 walitoa mwongozo wa umahiri wa AI kwa walimu na kitu cha kwanza kabisa kwenye orodha yao ni mtazamo unaomweka binadamu mbele, mambo ya vitufe yanakuja baadaye. Semina yetu ilianzia kwenye vitufe na ikaishia hapohapo.

5. Lugha yenyewe

Hili wengine mnaweza kuliona dogo, kwangu mimi ni kubwa. Kiswahili cha hizi mashine kina sura nzuri kwa mbali. Ukikaribia unakuta upatanisho wa ngeli umepinda, sentensi ina mwili wa Kiingereza imevishwa nguo za Kiswahili, na methali za kubuni. Niliiomba methali 10 za subira, 3 sijawahi kuzisikia, nikauliza na wazee, nao hawazijui, na mashine ilizitaja kwa kujiamini kabisa na maana zake ikanipa. Mtoto anayejifunza atajuaje? Ndio inavyofanya kazi, inakisia neno linalofuata, ukweli na uongo kwake vinatoka kwa sauti moja. Mwaka 2023 mawakili huko New York walipeleka mahakamani kesi za zamani walizopewa na ChatGPT, kumbe hazijawahi kuwepo, wakapigwa faini ya dola 5,000. Hao ni watu wazima wenye leseni. Sisi tumempa mtoto wa miaka 11 tukamwambia ndio kitabu chako cha marejeo, na maneno ya "kazi nzuri, ongeza viunganishi" yanatoka kwenye mashine hiyohiyo ambayo yenyewe haijui kuvitumia.

6. Taarifa za watoto

Fupi. Kila mtoto amefunguliwa akaunti yenye jina kamili na picha, insha zao zote zinaingia humo, hata ile ya yule binti na mdogo wake mgonjwa. Wazazi hawakuulizwa. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 unapendekeza umri usiwe chini ya miaka 13 kwa mtoto kuzungumza na hizi mashine peke yake darasani, na sisi tuna wa miaka 11. Hatujaonyeshwa mkataba unasema nini kuhusu hizo insha, zinakaa wapi, nani anazisoma, zinafutwa lini.

Najua mtanijibu nini, mengine nimeshajibiwa kwenye korido.

Mtasema bila kitambuzi watoto watadesa. Wapo wanaodesa, sibishi, na walikuwepo kabla ya AI, kaka alikuwa anaandika, mwenye tuisheni alikuwa anaandika. Dawa yake ninayo darasani. Mtoto aandike rasimu ya kwanza mbele yangu, aniletee ya pili, alafu anisimulie kwa mdomo dakika 3 kwanini alianza pale na kwanini aliikata ile aya. Aliyekopi na kupesti anajulikana ndani ya dakika ya kwanza, na aliyeandika anatoka kifua mbele. Inachukua muda, ndio, ule muda wa namba 4.

Mtasema basi tufunge AI yote. Shule za jiji la New York zilifunga ChatGPT Januari 2023, Mei mwaka huohuo wakafungua, wakakiri kwamba waliharakisha kwa hofu. Watoto wanayo kwenye simu, tukifunga shuleni wataitumia peke yao usiku bila mtu wa kuwauliza swali.

Mtasema mkataba umeshasainiwa. Sawa, hatujaomba pesa irudi leo, mkataba wa programu haulazimishi mtoto apewe sifuri, hilo ni agizo letu wenyewe na kulitengua ni karatasi moja.

Mtasema walimu wazee wanaogopa teknolojia. Hili la mwisho naomba msilirudie mbele ya walimu, kwasababu aliyekaa nyuma ya ile projekta akiwasaidia wenzake kuingia kwenye akaunti zao nilikuwa mimi.

Ninachoomba:

a) Kitambuzi kisitumike kutoa adhabu kuanzia sasa. Na yule kijana arudishiwe alama zake baada ya kazi kusomwa na walimu wawili, na baba yake aitwe aambiwe kwa mdomo, mbele ya mtoto, kama alivyoitwa mwanzo.

b) Kila kazi ya kuandika isomwe na mwalimu kabla alama haijatoka. Mashine inaweza kuangalia tahajia, inaweza kunipendekezea, ila neno la mwisho analopata mtoto liwe la mtu na liwe na jina la huyo mtu chini yake.

c) Programu ya mazoezi ibadilishwe iwe inatoa dokezo na maswali, mwalimu wa somo ndiye aiwekee maelekezo. Ikishindikana kwa mpangilio iliyonao, isimame mpaka iwezekane.

d) Mikondo irudi miwili. Kama hilo mwaka huu ni gumu, tupewe vipindi 4 kwa wiki ambavyo havitaguswa na kitu kingine, vya kukaa na watoto mmojammoja.

e) Mafunzo ya kweli kwa walimu muhula mzima, tukifundishana wenyewe kwa masomo, sio na mtu wa mauzo. Mimi najitolea kuanza, bila malipo, Jumatano jioni.

f) Wazazi wasomewe mkataba na waulizwe ridhaa kabla akaunti hazijaendelea, na walio chini ya miaka 13 wasiachiwe peke yao na mashine.

g) Kamati ndogo yenye mwalimu, mzazi na mwanafunzi, ikutane kila mwezi, ikiona kitu kinaumiza watoto iwe na nguvu ya kukisimamisha.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Kwa (a) naomba msisubiri hizo siku 14, muhula unaisha na ile sifuri itaingia kwenye ripoti ya mwisho ya yule kijana, na nimeshaambatanisha picha za rasimu zake kwenye nakala ya ofisini, zile zenye mishale.

Ile insha ya binti nimeisahihisha upya kwa mkono. Sijaingiza alama kwenye mfumo, nasubiri maelekezo yenu ya alama ipi ihesabike.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa lugha, mwaka wa 14

Nakala: Kamati ya wazazi, Walimu wote, Serikali ya wanafunzi